Miti ya barabarani katika miji ya Asia: inalindwa na sheria, au na wakazi wenyewe?

Mwanamipango (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninasomea mipango miji, na tasnifu yangu inahusu miti ya kando ya barabara katika miji ya Asia, hasa nafasi yake katika maisha na utamaduni wa wakazi. Nimeanza na Singapore kwa sababu kumbukumbu zake zimepangika vizuri. Tarehe 16 Juni 1963 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alipanda mti wa mempat katika mzunguko wa barabara wa Farrer. Mwaka 1967 serikali ikatangaza azma ya kuufanya mji uwe mji wa bustani. Kuanzia 1971 ikawekwa siku ya kupanda miti kila mwezi Novemba. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya bustani na miti. Mwaka 1991 yakatengwa maeneo ambamo mti wenye shina linalozidi mzunguko wa mita 1 haukatwi bila kibali. Na mwaka 2001 ukaanza mpango wa kuitambua miti mikongwe kuwa urithi wa taifa. Anayeusoma mfululizo huo anaweza kuamini kwamba mti wa mjini ni zao la sheria, bajeti na ofisi yenye wataalamu, na hakuna zaidi.

Msimamizi wangu anaelekea huko. Mimi nina shaka, kwa kuwa ninasoma pia habari za miji ambako wakazi waliitetea miti dhidi ya ofisi hizo hizo, na mara nyingine miti yenyewe ililetwa na wakoloni kutoka bara jingine. Kwa hiyo ninauliza mambo mawili. Ni kitu gani hasa kinachomfanya mkazi auone mti wa barabarani kuwa ni wake? Na je, mapenzi hayo yana nguvu yoyote unapokuja mradi wa barabara au wa reli? Nitashukuru kupata mifano mnayoifahamu kwa karibu kuliko maelezo ya jumla.

Binti_Pangani

Ndugu Mwanamipango, swali lako la pili lilijibiwa hadharani mjini Hanoi mwezi Machi 2015. Mimi nilifika huko kwa masomo baada ya tukio hilo, na watu walikuwa bado wanalizungumza kwenye vibanda vya chai kana kwamba limetokea wiki iliyopita.

Serikali ya jiji ilikuwa imepanga kukata na kubadilisha miti ipatayo 6,700 katika mitaa 190. Barabara ya Nguyễn Chí Thanh, iliyokuwa ikisifiwa kwa uzuri wake, ikaachwa wazi juani kwa muda mfupi sana. Wakazi wakafungua ukurasa wa Facebook uliobeba jina la watu 6,700 kwa ajili ya miti 6,700, na kwa siku chache ukapata wafuasi kwa makumi ya maelfu. Wengine walifunga tepe kwenye mashina na kubandika karatasi zilizoandikwa kana kwamba mti wenyewe ndio unaosema: mimi ni mzima, tafadhali msinikate. Ofisa mmoja wa chama alipotamka kwamba kukata miti si jambo la kwenda kuwauliza wananchi, hasira ikazidi. Tarehe 20 Machi mwenyekiti wa jiji akaagiza kazi isimame, wakati miti ipatayo 500 ilikuwa imekwisha kuanguka, na siku mbili baadaye mamia ya watu wakatembea pamoja katika eneo la ziwa Hoàn Kiếm. Ni vyema kukumbuka kwamba Vietnam ni nchi ambayo maandamano ya namna hiyo ni nadra sana. Kisha likazuka jambo jingine ambalo liliwaudhi watu pengine kuliko ukataji wenyewe: ilisemekana kwamba miche mipya ya Nguyễn Chí Thanh ni ya vàng tâm, mti wa mbao ya thamani, lakini wataalamu wa misitu walipoikagua wakasema ni ya mỡ, mti wa bei nafuu unaofanana nao.

Kwa nini watu walikasirika kiasi hicho? Kwa sababu katika Hanoi ya zamani mtaa hutajwa pamoja na mti wake, na mti hutajwa pamoja na msimu wake. Chukua mti wa sấu, unaopanga safu katika barabara ya Phan Đình Phùng. Huo ni wa ukoo mmoja na mwembe, na hupukutisha majani wakati wa masika ya kule, Machi na Aprili, hivyo njia hutandikwa majani ya manjano katika miezi ambayo miti mingine inachipua. Ifikapo Juni wachumaji hupita na fito ndefu zenye ndoana na kikapu kidogo kwenye ncha, mmoja akiwa juu matawini na mwenzake chini akiokota yaliyoponyoka. Tunda ni la kijani, dogo kuliko ndimu, kali kwa uchachu. Kina mama hulitumbukiza kwenye maji waliyochemshia mboga, wakaliponda humo kwa kijiko hadi maji yawe mchuzi mchachu, kama vile sisi wa Pwani tunavyotia ukwaju. Mengine hulowekwa kwa sukari na tangawizi yawe kinywaji cha msimu wa joto. Mtu aliyekula kutoka mti huo tangu utotoni hawezi kuambiwa kwamba ni mali ya idara fulani peke yake.

Upo pia hoa sữa, unaochanua Oktoba, ambao harufu yake hujaza mtaa mzima usiku. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo harufu ya Hanoi yenyewe, na wapo wanaoumwa kichwa kwa sababu yake. Ilipopandwa mingi na karibu karibu katika barabara ya Trích Sài, malalamiko ya wakazi yalisababisha jiji kuihamisha mingine hadi karibu na dampo la Nam Sơn. Hivyo mapenzi ya watu si ya kila mti kila mahali, na hilo ungeliandika katika tasnifu yako.

Kuhusu miti ya kigeni: ule mkubwa kuliko yote katika mitaa mingi ya Hanoi, xà cừ, asili yake ni Afrika. Ulipelekwa na Wafaransa, na ni jamaa wa karibu wa mkangazi wetu. Niliwauliza wenyeji wengi kama wanajua ulikotoka. Baadhi walijua, wengine hawakujua, na kwa wote jambo hilo halikuwa na uzito wowote.

Fundi_Bustani

Dada Binti Pangani amesema vizuri, nami nitaongeza upande wa India, ambako nilikaa kwa masomo ya kilimo.

Kule mti wa barabarani una historia ndefu kuliko takriban taasisi yoyote ya serikali iliyopo leo. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, mfalme Ashoka aliagiza ichongwe kwenye nguzo za mawe habari kwamba amepanda miti ya banyan, jamaa wa mkuyu, kando ya njia ili iwape kivuli wanadamu na wanyama, na kwamba amechimba visima na kujenga mahali pa kupumzikia. Waingereza walipojenga New Delhi, mji uliotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1911 na kuzinduliwa 1931, nao walichagua miti kwa kila barabara, kazi ambayo mtaalamu wa bustani W. R. Mustoe alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Walitaka miti isiyopukutika yote kwa wakati mmoja, yenye umbo zuri mbele ya majumba yao. Hivyo walipanda mwarobaini, mkwaju, na mzambarau. Ndiyo, huu huu mzambarau tunaoufahamu kuanzia Tanga hadi Unguja.

Sasa tazama wakazi walivyoufanya. Mvua za monsuni zinapokaribia, haki ya kuvuna zambarau katika barabara za katikati ya Delhi hutolewa kwa zabuni, na familia za wavunaji huhamia chini ya miti. Mmoja hupanda na kutikisa tawi, wengine wanne hushika pembe za shuka kubwa au turubai na kulikaza ili matunda yasipasuke kwenye lami. Yanayookotwa chini huuzwa bei ya chini. Mnunuzi hupewa zambarau ndani ya karatasi pamoja na chumvi, na magari hupunguza mwendo barabarani watu wakinunua kupitia dirishani. Wakoloni walipanda mandhari, na wenyeji wakaigeuza kuwa msimu, soko na riziki.

Upande wa ibada ni mpana zaidi, lakini naomba tuutazame kwa makini kwa sababu wengi huusifu kupita kiasi. Ni kweli kwamba mti wa pipal, nao jamaa wa mkuyu, haukatwi ovyo na Mhindu yeyote, kwa kuwa ni mtakatifu kwake, na ni mtakatifu pia kwa Wabuddha, ambao huamini kwamba Buddha aliupata mwanga chini yake. Katika mitaa ya Bengaluru utakuta jukwaa la mawe lililojengwa kuzunguka pipal na mwarobaini iliyopandwa pamoja kama wanandoa, na chini yake mawe yaliyochongwa sura ya nyoka na kupakwa manjano. Asubuhi ni mahali pa sala, na jioni wazee hukaa hapo wakizungumza. Katika jimbo la Maharashtra, wake za watu huuzunguka mti wa banyan siku ya Vat Purnima na kuufunga nyuzi, wakimkumbuka Savitri aliyemrejesha mumewe kutoka kwa mungu wa mauti.

Hata hivyo imani huilinda jamii fulani ya miti, haiulindi mti kwa kuwa ni mti. Pipal itaachwa na barabara itapinda kuizunguka, lakini mti wa kawaida ulio hatua kumi kutoka hapo utaondolewa bila mtu kusema neno. Zaidi ya hayo, mjini Mumbai wengi wasioweza kuufikia mti wa banyan hununua sokoni matawi yaliyokatwa ili wafanyie ibada nyumbani, na hivyo heshima yenyewe inaupunguza mti matawi. Na lile jukwaa la saruji linalojengwa kwa unyenyekevu mkubwa mara nyingi hulibana shina na kuzuia maji yasifike kwenye mizizi. Mwaka 2013 mahakama ya mazingira ya India iliagiza kwamba mjini Delhi saruji yote iondolewe ndani ya mita moja kuzunguka miti, amri iliyohitajika licha ya kwamba Delhi ilikuwa na sheria ya kuhifadhi miti tangu 1994.

Kuhusu mradi wa reli, soma habari za Aarey mjini Mumbai. Tarehe 4 Oktoba 2019 mahakama kuu ya jimbo ilitupilia mbali maombi ya kuzuia ukataji kwa ajili ya karakana ya treni, na usiku huo huo misumeno ikaanza kazi. Mahakama ya juu ya nchi ilipoamuru ukataji usimame tarehe 7, miti zaidi ya 2,000 ilikuwa imekwisha kuanguka. Hapo sheria ilikuwapo na wapenda miti walikuwapo, na vyote viwili vilichelewa.

Mwanamipango

Nawashukuru sana. Habari ya miche iliyobadilishwa Hanoi na ya saruji Delhi sikuwa nimeziona popote, na zote zitaingia katika sura ya tatu. Bado Singapore inanisumbua. Je, mkazi wa kawaida wa kule ana uhusiano wowote na miti hiyo, au anaipita tu kama anavyozipita nguzo za taa? Nimesoma kwamba miti iliyotawala barabara zake, ile yenye taji pana kama mwavuli, si ya asili ya Asia hata kidogo.

Salim_wa_Bandarini

Bwana Mwanamipango, nimefanya kazi bandarini Singapore kwa miaka mingi, na nadhani kumbukumbu za serikali zimekupa nusu tu ya habari.

Ni kweli kwamba mti unaousema, ambao kwa Kiingereza huitwa mti wa mvua, ulitoka Amerika ya kitropiki. Majani yake hujikunja jioni na pia anga inapotanda mawingu mazito, ndiyo maana Wamalei wa zamani waliuita mti wa saa kumi na moja. Barabara kuu itokayo uwanja wa ndege wa Changi kuelekea mjini imepandwa miti hiyo pande zote mbili, nayo hukutana juu kama dari. Ilipangwa hivyo makusudi ili mgeni au mwekezaji aone kwamba nchi hii ina utaratibu. Mzee Lee hakulificha lengo hilo. Lakini mtoto aliyezaliwa huko katika miaka ya themanini hajui habari ya wawekezaji. Anachojua ni kwamba akirudi kutoka safari, dari ile ndiyo inayomwambia kwamba amefika nyumbani. Sera iliyotimiza miaka arobaini hugeuka kuwa kumbukumbu ya watu, na sijui ni kwa nini tuiite ya uongo kwa sababu ilianzia ofisini.

Halafu uende Toa Payoh, mojawapo ya miji midogo ya maghorofa iliyojengwa na serikali tangu miaka ya sitini. Katikati ya maghorofa palijengwa hekalu dogo kwenye shina la mti mkubwa, watu wakawa wanachoma ubani na kuweka machungwa. Wakazi husimulia kwamba wakati wa ujenzi tingatinga liligoma kila lilipousogelea mti huo, na mafundi wakakataa kuendelea. Mtu anaweza kuamini au asiamini habari ya tingatinga, lakini mti uliachwa, na ramani ya jengo ikaheshimu kitu ambacho hakikuwamo katika sheria yoyote.

Meli zetu zilikuwa zikitia nanga Hong Kong pia. Kule kuna miti ya banyan iliyoota kwenye kuta za mawe zinazoshikilia vilima, kuta zilizojengwa zamani na mafundi walioacha nafasi kati ya jiwe na jiwe. Hakuna aliyeipanda, ndege walidondosha mbegu, mizizi ikatambaa ukutani kama mishipa ya mkono wa mzee. Mwaka 2015 serikali ilikata minne kwenye barabara ya Bonham kwa hofu kwamba ingeanguka, na lawama zikawa nyingi sana. Katika mtaa wa Forbes, kwa upande mwingine, wajenzi wa kituo cha reli cha Kennedy Town walibadilisha mchoro wao ili ukuta na miti yake vibaki. Kwa hiyo usiandike kwamba reli na mti haviwezi kukaa pamoja.

Binti_Pangani

Kaka Salim, nakubaliana nawe kuhusu sera inayogeuka kuwa kumbukumbu. Hata miti ya ginkgo ya Meiji Jingu Gaien mjini Tokyo ilianzia kwenye mchoro wa mbunifu, na eneo lile lilifunguliwa mwaka 1926. Leo ni miti 146 katika safu nne, na mwezi Novemba watu hujazana pale kuiona ilivyogeuka manjano.

Naitaja kwa sababu inagusa kitu ambacho wote tumekipitia juujuu. Utawala wa Tokyo ulipouidhinisha mwaka 2023 mradi wa kujenga upya viwanja vya michezo na kusimamisha maghorofa katika eneo hilo, waendelezaji walisema tangu mwanzo kwamba safu zile nne hazitaguswa. Mwanamuziki Ryuichi Sakamoto, akiwa mgonjwa sana, alimwandikia gavana mwezi Machi mwaka huo kupinga mradi, akafariki mwezi huo huo. Wengi walidhani hoja ni kukatwa kwa miti mingine iliyo jirani, na kweli ukataji huo ulianza Oktoba 2024. Lakini wataalamu wa urithi walikuwa wakiuliza swali la chini ya ardhi: msingi wa uwanja mpya wa besiboli utakuwa umbali gani kutoka kwenye mashina ya ginkgo? Mchoro wa awali uliweka takriban mita 8. Baada ya mabishano marefu, mchoro uliorekebishwa ukausogeza uwanja hadi zaidi ya mita 18.

Na Hanoi vilevile. Kimbunga Yagi kilipopita Septemba 2024 kiliangusha miti kwa maelfu, ikiwamo xà cừ mikongwe. Ukiutazama mti ulioanguka, mara nyingi ulichokiona ni shina pana kupita mikono ya watu wawili, na chini yake kitanga kidogo cha mizizi kilichochongwa mraba, kwa sababu kila mara njia ya waenda kwa miguu ilipochimbwa kwa ajili ya mabomba na nyaya, mizizi ilikatwa na kufukiwa. Watu waliokuwa tayari kulizuia shoka mwaka 2015 walikuwa wakipita kando ya mitaro hiyo bila kuona hatari, maana jani lilikuwa bado kijani na tunda lilikuwa bado linachumwa.

Ndiyo sababu, ndugu Mwanamipango, ningekushauri usilipange swali lako kama ugomvi kati ya sheria na wakazi. Mkazi huona kila kilicho juu ya ardhi, na hugutuka mapema kuliko ofisi yoyote. Kilicho chini anakiona mwenye ramani ya mabomba na kibali cha kuchimba. Katika kila mji utakaouchagua, tafuta ni nani anayetoa kibali cha kuchimba karibu na mti, na kama kibali hicho kinataja umbali wowote kutoka kwenye shina.

Mwanamipango

Dada, umenipa sura nzima. Kesho nitaanza na kanuni za uchimbaji za Singapore na Delhi, kwa kuwa hizo naweza kuzipata kwa Kiingereza. Iwapo kuna mwanajukwaa anayesoma Kivietinamu na yuko tayari kunisaidia kwa kanuni za Hanoi, naomba aniandikie hapa hapa.